Hopsi za Kando ya Tangi

Kila asubuhi Baba alipita kando ya tangi la maji na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya mimea yangu, akaikagua kutoka chini hadi juu kama alivyokuwa akikagua sare za wanafunzi, kisha akauliza.

"Zimeiva?"

"Bado, Baba."

"Na kile kitabu?"

"Nacho bado."

Alimalizia chai, akamwaga machicha kwenye shina la mmea wa kwanza, akaenda zake kwenye viazi. Viazi havijawahi kumficha mtu siri. Majani yanageuka manjano, yanalala chini, unachimba. Hata mpita njia anajua. Ndiyo maana Baba hakuelewa mmea ambao mwenye nao mwenyewe anauzunguka siku nzima akiunusa na kuguna.

Nyumbani kwetu ni Kibirichia, juu huko kwenye baridi, ambako watu hulima viazi, huongea viazi, na kanisani huombea viazi vya jirani visipate ukungu kwa sauti ambayo Mungu peke yake anajua kama ni ya kweli. Nilirudi huko baada ya chuo na miaka ya kuzurura Nairobi, nikiwa na riwaya isiyokwisha na begi la nguo zisizofaa hali ile ya hewa. Wenzangu walikuwa na kazi, au ndoa, au watoto wanaoimba kwa Kiingereza mbele ya wageni. Mimi nilikuwa na sura nyingi za mwanzo.

Kisha nikataka ardhi. Kwetu ardhi haimfuati binti kirahisi. Kaka zangu walishapimiwa vipande vyao, hata yule anayeishi Mombasa na hawezi kutofautisha mbolea na udongo. Nilipomwambia Baba kwamba naomba kile kipande cha kando ya tangi, Mama aliacha kukoroga uji. Baba akaweka kikombe chake mezani. Mimi nimebeba jina la mama yake mzazi, na mambo haya kwake si mchezo: akinipenda ananiita Mama, akinikasirikia ananiita Mwandishi.

"Utapanda nini, Mama?"

"Hopsi."

"Ni mboga?"

"Ni maua ya kutia bia uchungu."

Baba ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Hajawahi kuonja bia, na divai ya meza ya Bwana kwetu ni maji ya matunda ya kopo. Nilidhani mazungumzo yamekwisha hapo. Lakini alifikiri, akasema kwamba shayiri ya bia imelimwa na Wakristo wengi upande wa Timau na hajasikia hata mmoja aliyepigwa na radi. Kisha akatoa masharti yake, polepole, kama anayesoma mtihani kwa darasa.

"Nitakuachia mpaka mvuno wa kwanza. Huyo rafiki yako wa Embu akizichukua, kipande ni chako, na nitawaambia kaka zako hivyo. Akizikataa, naweka viazi."

Basi hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani. Najua mtu anaweza kucheka: kipande chenyewe kilikuwa na upana wa vyumba viwili, na nusu yake ilikuwa kivuli cha tangi. Lakini nilikitaka kama sijawahi kutaka tuzo yoyote ya fasihi, na tuzo za fasihi nimezitaka hadi nikaota vidonda vya mdomo.

Rafiki wa Embu tulikuwa naye chuoni, katika kikundi kimoja cha mashairi. Yeye ndiye aliyekuwa mshairi wa kweli kati yetu. Siku moja akaacha, akafungua mkahawa mjini Embu, na nyuma yake akaanza kutengeneza bia yake mwenyewe, yenye kibali cha kutundika ukutani. Nilipomuuliza kwa nini aliacha mashairi alinijibu kwamba bia ina wasomaji. Hopsi alizotumia zilitoka ng'ambo zikiwa zimekauka kwenye pakiti, kama habari za zamani. Alitaka mpya, za mlimani. Akanipa vipande vya mizizi vilivyofungwa kwa gazeti lililoloweshwa maji, pamoja na onyo: mmea huu umezaliwa nchi ambazo wakati wa joto mchana hurefuka hadi watu wanachoka nao. Kwetu mchana ni ule ule mwaka mzima. Utachanganyikiwa.

Ulichanganyikiwa, lakini uliota. Nilisimamisha nguzo za mkaratusi, nikafunga kamba za mkonge, na ile mimea ikapanda kamba ikijizungusha na jua, yenye vinywele vinavyokwaruza ngozi kama ulimi wa paka. Majani yake yana vidole, kama ya ule mmea ambao polisi huung'oa. Hapo majirani wakaanza kupita kwa mwendo wa pole. Kiongozi wa kwaya, mtu wa heshima zake, aliingia bila kubisha, akachuma jani, akalisugua, akalinusa mara mbili.

"Hii si ile," akasema kwa uhakika, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Sasa, kazi yote ya hopsi iko kwenye kujua siku. Ua lake si ua la kupendeza bibi harusi. Ni kitu kama tunda dogo la msonobari lililoshonwa kwa karatasi laini ya kijani, na ndani yake, chini ya kila gamba, kuna unga wa manjano wenye nta. Bia haitaki karatasi, inataka ule unga. Ukichuma mapema unapata nyasi. Ukichelewa, unga unaharibika na ua linaanza kunuka kitunguu saumu. Rafiki yangu alinitumia sauti kwenye simu akinieleza kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuvuna chochote. Libonyeze, alisema, likirudi juu lenyewe kama sponji, umekaribia. Liviringishe karibu na sikio, utasikia karatasi kavu. Kisha lipasue uone rangi ya unga. Kisha linuse.

Kuhusu karatasi kavu, huyu msichana alikuwa amesahau ninapoishi. Kibirichia asubuhi ukungu unaingia hadi kabatini. Hata karatasi haina sauti ya karatasi. Riwaya yangu yenyewe, niliyoichapisha ili niisahihishe kwa kalamu, ilikuwa imelegea mezani kama chapati ya juzi. Niliweka ua sikioni, nikasikiliza, nikasikia unyevu.

Kubonyeza nako hakukunisaidia, kwa sababu kila aliyepita alibonyeza. Akina mama waliokuwa wakitoka kuchimba viazi kwa Baba walisimama, wakabonyeza, wakasema "ni laini", wakaenda. Maua ya chini yalibonyezwa hadi yakakata tamaa.

Basi ikabaki pua. Nilimpelekea Mama moja jikoni.

"Sabuni ya kipande," alisema Mama bila kufikiri.

Baba alinusa akakunja uso. "Dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ile ya zamani, iliyokuwa nzuri."

Mimi nilinusa nikafumba macho, nikampigia rafiki yangu nikamwambia nasikia mvua iliyoangukia majani ya mlimau, na nyuma yake, mbali, huzuni.

"Huzuni haimo," alisema. "Ngoja kidogo."

Nikangoja. Kungoja nilikuwa nakujua.

Wakati huo ndipo Mjomba alipotufikia. Ni mdogo wake Mama, mtu wa miraa kutoka mji wa Maua, na alikuwa ameteguka goti baada ya kuteleza kwenye mbaine, ile miti mikongwe ya miraa ambayo babu wa babu yake aliikwea. Daktari alimwambia asipande mti. Mkewe, anayemjua kuliko daktari, akamwambia aende mahali ambapo hakuna mti wa kupanda. Akaletwa kwetu kwenye viazi.

Mjomba anaamini kwamba duniani kuna miraa, na kuna mimea mingine ambayo watu hawajaijulia. Siku ya kwanza tu alichechemea hadi kwenye hopsi zangu, akachezesha ncha moja kati ya vidole, akaangalia wekundu wake.

"Hii ni kali?"

"Haitafunwi, Anko. Ni ya bia."

"Kila kitu hutafunwa," akasema. "Ni vile watu hawajajaribu."

Nilikuwa nimealikwa Kibugu, upande wa juu wa Embu, kwenye mkusanyiko wa waandishi vijana. Sikutaka kuziacha hopsi, lakini pia sikutaka kuonekana mtu ambaye ameacha fasihi kwa ajili ya mmea wa kutambaa. Kabla ya kuondoka nilimkalisha Mjomba kwenye kiti kando ya tangi nikampa kazi.

"Anko, ni kuziangalia tu. Ukiona kama zinaiva, nipigie."

"Kuangalia kitu kiive ni kazi nimefanya maisha yangu yote. Wewe nenda ukasome mashairi."

"Usivune."

"Nimesikia. Nenda."

Kibugu tulikaa kwenye nyumba ya kupanga katikati ya chai, tukasomeana. Kulikuwa na mtu aliyetuvalia kofia ya sufu na kutusomea shairi refu kuhusu mateso ya wachuma chai, wakati wachuma chai wenyewe walikuwa wakipita nje ya dirisha na vikapu mgongoni wakituchungulia na kucheka. Mmoja alitupungia mkono. Shairi lilikuwa limefika kwenye machozi ya ardhi simu yangu ilipolia.

"Mzigo umetoka," alisema Mjomba.

"Mzigo gani, Anko?"

"Wako. Zilikuwa zimeiva hadi nikaogopa. Nimezivuna kabla jua halijazigusa, nimefunga vizuri, bodaboda ameshusha mpaka Meru mjini, pikapu ya kijana wetu imepokea. Anapita Embu akienda Nairobi. Yule kijana hakanyagi breki, usiwe na wasiwasi."

"Nilisema usivune."

"Ulisema nikupigie. Si nimekupigia? Sasa mwambie huyo msichana asikae nazo. Zikifika jioni zimenyauka, zimelala, na zikilala jina langu limeharibika."

Niliteremka Embu mjini bila kuaga, jambo ambalo baadaye nilisikia lilichukuliwa kama maoni yangu kuhusu lile shairi. Mzigo ulikuwa umenitangulia. Ulikuwa juu ya kaunta ya mkahawa, umefungwa kwa majani ya mgomba yaliyokunjwa kwa ustadi, bado yana umande. Rafiki yangu alikuwa ameusimamia kwa mikono kiunoni.

"Kuna mtu amenirushia hii kutoka kwenye pikapu," alisema. "Haikusimama."

Tulifungua. Ndani, vimepangwa sawasawa kama penseli mpya, vimefungwa vifungu vifungu kwa uzi wa mgomba, vilikuwamo vichipukizi vya hopsi: vyembamba, vyekundu kwenye ncha, vimechumwa kwa urefu mmoja. Ilikuwa kazi nzuri. Ningeweza kulia kwa uzuri wake. Hakukuwa na ua hata moja.

"Hii ni nini?"

"Ni kichwa cha kila mmea nilio nao," nikasema.

Mjomba alikuwa amevuna kama wanavyovuna miraa kwao Maua: kilicho laini, kilicho chekundu, kilichotoka juzi. Kwa macho yake, kungoja hadi mmea utoe maua ni kungoja hadi uzeeke. Alikuwa amenifanyia hisani, na alikuwa ameifanya kwa kasi.

Rafiki yangu alichukua kimoja akakitafuna, akiangalia dari.

"Si kibaya."

Alimwita mpishi wake. Mpishi akavikaanga kwa kitunguu na nyanya, na tukavila kwa ugali, mimi na mshairi aliyegeuka kuwa mtengeneza bia. Vilikuwa na ladha kama ya mnavu mchanga. Katikati ya sahani nilikumbuka masharti ya Baba, nikalirudisha tonge sahanini. Alikuwa amesema mvuno wa kwanza.

Niliporudi nyumbani Baba alikuwa kando ya tangi, jembe begani. Mimea yangu ilikuwa imesimama kwenye kamba zake bila vichwa, kama darasa lililonyolewa kwa lazima. Mjomba alikuwa kwenye kiti, goti juu ya ndoo, hana wasiwasi na mtu.

"Rafiki yako amezichukua?" Baba akauliza.

"Amezila."

Baba alilifikiria hilo. Alifundisha somo la dini kwa miaka mingi na anapenda kesi yenye utata.

"Kula si kuchukua," alisema hatimaye.

"Hakuna mtu amewahi kula miraa yangu akakosa kuichukua," alisema Mjomba.

"Wewe nyamaza." Baba alishusha jembe. "Mwandishi, nisikilize. Ule haukuwa mvuno. Ule ulikuwa mjomba wako. Kwa hivyo masharti hayajabadilika. Lakini mvua hainingoji. Ikinyesha kabla hujavuna, mimi napanda viazi."

Nilimgeukia Mjomba nikiwa na maneno mengi niliyoyapanga kutoka Chuka hadi Meru. Alinitangulia.

"Usinune. Kitu ukikikata kichwa kinakasirika, kinatoa mikono. Utaona."

Ilinichukiza kwamba zilitoa mikono. Kila mahali alipokata palichipuka matawi ya pembeni, mawili mawili, na matawi yakatoa maua, kwanza vitu vidogo vyenye nywele kama buibui, kisha yale ya magamba. Lakini kwa kuwa mchana wetu haujui kiangazi wala kipupwe, kila tawi lilijiamulia ratiba yake. Kwenye kamba moja ungekuta ua lililochipuka jana, jingine la kijani linalonuka nyasi, jingine la manjano, na jingine limeshaanza kuwa kahawia kwenye ncha. Rafiki yangu alinieleza kwamba wenye mashamba makubwa huko ng'ambo hukata mmea wote kwa siku moja, maua mengi yakiwa tayari.

"Mengi ni mangapi?"

"Utajua."

Sikujua. Kila nilipofikiri kwamba mengi yako tayari, nilitazama yale machanga nikayaonea huruma. Nilipoyangoja machanga, yale ya zamani yalizeeka. Hiki ndicho nilichokuwa nikikifanya ndani ya nyumba pia, kwenye zile karatasi zilizolegea: siku sura ya tano inapokaa sawa, ya kwanza inakuwa imeshachacha. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa mlima. Baba akaanza kuchagua mbegu za viazi kwa kelele.

"Unangoja nini?" Mjomba alinipigia kelele kutoka kwenye kiti. "Mti hauivi, wewe. Kinachoiva ni kijiti. Chuma kilicho tayari leo, kesho kutwa urudi."

"Anko, wewe ndiye wa mwisho kunifundisha kuvuna."

"Mimi nilivuna. Wewe umevuna nini?"

Nikarudi kwenye kubonyeza na kunusa. Jumapili ile, wakati wengine wote wako kanisani, mimi nilikuwa kati ya kamba nikisugua ua baada ya ua, nimejaa unga wa manjano hadi viwikoni, mpaka Mama alipofika mbio akiwa bado amevaa kitambaa chake cha akina mama wa kanisa.

"Mchungaji anakuja kula," alisema. "Na wazee wawili. Baba yako amewaalika bila kuniambia. Nawa mikono uniandalie chapati."

Nilinawa kwa maji ya tangi, ambayo kwetu ni barafu iliyosahau kuganda. Kumbe nta ya hopsi haijali maji baridi. Nilikanda unga wa ngano kwa mikono yote miwili, kwa bidii ya mtu anayetaka kusamehewa kutohudhuria ibada, nikasukuma, nikachoma, nikapeleka mezani zikiwa na moto.

Mchungaji alibariki chakula kwa kirefu, akitaja wasafiri, wagonjwa na serikali. Kisha akakata kipande cha chapati, akachovya kwenye mchuzi wa kuku, akatia mdomoni. Nilimwona akiacha kutafuna. Macho yake yaliangalia mbele, kwenye picha ya harusi ya wazazi wangu, kama anayeiomba msaada. Akameza.

"Chapati hizi," alisema taratibu, "zina kitu."

"Ni unga mpya," Mama akasema.

Mzee wa kwanza alikunywa maji, akafuta machozi. Mzee wa pili alikunywa maji ya mzee wa kwanza. Mjomba, ambaye mdomo wake umelelewa na uchungu tangu ujana, alikuwa ameshavuta ya tatu.

"Hizi zinaamsha," alisema. "Mchungaji, kula, utahubiri mpaka Alhamisi."

Mchungaji alikula. Lazima niseme hivyo kwa heshima yake: alimaliza chapati nzima, kipande baada ya kipande, huku jasho likimtoka kwenye nywele, na alipoulizwa kama aongezewe alisema roho i radhi lakini ameshiba. Baba alivuta sahani yake. Alitafuna kipande chake pole pole, akakiviringisha mdomoni, akageuka akatazama mikono yangu, ambayo niliificha chini ya meza.

Wageni walipoondoka alinifuata kando ya tangi. Nilijua amekuja kuniita Mwandishi.

"Nipe mkono."

Nikampa. Aliunusa, kidole hadi kidole. Mstari wa manjano na weusi ulikuwa umejichora kwenye kila kucha.

"Ijumaa ulitukandia maandazi."

"Ndiyo, Baba."

"Na Ijumaa ulikuwa hapa pia asubuhi nzima, unashikashika."

"Nilikuwa hapa."

"Maandazi hayakuwa machungu." Alitazama zile kamba, akavuta pumzi. "Leo umemtia mzee wangu wa ushirika machozi. Basi zimeiva."

Ningeweza kubisha kwamba kuna dalili za kitaalamu. Badala yake nilipasua ua moja la manjano, nikasugua, nikagusa kidole kwa ulimi. Uchungu ulikuja, ukakaa, ukavuta kiti. Nikapasua jingine la kijani lililokuwa kando yake: lilikuja na kuondoka. Baba naye alijaribu, uso ukamkunjamana kama anayesikiliza hesabu za kaka yangu wa Mombasa.

"Hili ndilo," akasema. "Hili silo. Hili, lipe siku mbili."

Tulianza hapo hapo, yeye akiwa bado na tai ya kanisani. Kesho yake tuliendelea, Mjomba akiongoza kutoka kwenye kiti, na hatukukata mmea hata mmoja. Tulichuma yaliyotaka, tukaacha yasiyotaka, tukarudi, tukachuma tena. Mjomba hakuweza kujizuia kuokota machanga, eti yana nguvu. Mimi sikuweza kujizuia kuyabakisha kidogo yale mazuri, eti yataongezeka. Kiongozi wa kwaya alipita akamkuta mzee wa kanisa amejaza kofia maua ya bia.

"Mzee, hayo ni ya nini?"

"Ya chapati," Baba akamjibu, na hakuwa amesema uongo.

Tuliyakausha kwenye vichanja vya mbegu za viazi, ndani ya stoo, kivulini, upepo ukipita chini. Hapo Mjomba aliteseka kweli. Kumwona mtu anaacha mzigo ukauke makusudi kulimwumiza kuliko goti. Kila asubuhi alifungua mlango wa stoo, akashika ua lililokauka, likatoa sauti ya karatasi, akatikisa kichwa kama aliyefika mochari.

Embu niliupeleka mzigo mwenyewe. Rafiki yangu alimwaga gunia juu ya meza safi nyuma ya mkahawa na hakuniambia nikae. Alisugua, akanusa. Akatenga kiganja kimoja cha maua ya kahawia.

"Haya yananuka kitunguu saumu. Nani aliyangoja hivi?"

"Ni mimi."

Akatenga kiganja kingine, cha kijani kibichi. "Na haya ni nyasi."

"Huyo ni mjomba wangu."

Alinusa yaliyobaki, kiganja baada ya kiganja, na nilimkumbuka alivyokuwa zamani kabla ya kusema kama shairi la mtu ni zuri. Kisha akaleta ndoo yenye mfuniko, akaanza kuyatia.

"Nayachukua," alisema. "Na ule mlimau ulikuwa kweli. Huzuni bado siisikii."

Nilifika nyumbani mawingu yameshuka hadi kwenye mikaratusi. Baba alikuwa kando ya tangi na jembe, na nilipomwona ameinama kati ya mashina yangu nikadhani ameshaanza kung'oa. Hakuwa anang'oa. Alikuwa anavuta udongo, anaupandisha kuzunguka kila shina, kichuguu kizuri cha mviringo, kama anavyofanya na viazi.

"Amechukua?" aliuliza bila kuinuka.

"Amechukua. Amesema mengine tuliyachelewesha kidogo."

"Upande wa mwandishi huo," Mjomba akasema kutoka kwenye kiti.

"Baba, hizo si viazi."

"Najua si viazi. Viazi vina adabu." Alimaliza shina lile, akanyoosha mgongo, akautazama mlima uliokuwa haupo tena nyuma ya mvua. "Kesho nitawapigia kaka zako. Huyo wa Mombasa atauliza ni ardhi gani hiyo, nitamwambia aje ainuse." Kisha akaninyooshea mpini. "Shika, Mama. Maliza mwenyewe. Kipande ni chako lakini jembe ni langu, ulirudishe."

Nililishika. Tone la kwanza liligonga bati la stoo, na Mama akapaza sauti kutoka jikoni kwamba mtu yeyote aliyekuwa kando ya tangi leo asithubutu kugusa unga wake.